Mume Wangu Alipokwenda Maruku

Jumatatu, 2 Juni

Leo Ta Avit amefua nguo zake mwenyewe.

Naiandika ili nikija kusoma baadaye nisidhani niliota. Mume wangu, mwenyekiti wa jumuiya, mtu ambaye tangu anioe hajawahi kujua sabuni inakaa wapi ndani ya nyumba hii, ameamka kabla yangu, akachukua ndoo, akaenda nyuma ya migomba, akafua. Si mashati. Nguo za ndani na shuka moja. Nilipomuuliza akasema wanaume wa siku hizi wanawasaidia wake zao, alisikia redioni.

Redio yetu haina betri tangu Pasaka.

Alhamisi, 5 Juni

Kahawa imeanza kuiva upande wa chini wa kibanja, shamba letu la migomba na kahawa. Tumechuma kidogo. Wakati wa kuchambua nilikaa kwenye mkeka, yeye akabaki amesimama, anainama kuokota punje moja moja kama korongo. Kigoda cha marehemu baba yake, ambacho hata paka akikikalia ni ugomvi, kimeshinda kitupu.

Jumapili, 8 Juni

Misa. Mwenyekiti ana nafasi yake kwenye benchi la mbele, lakini leo ameniacha nikae peke yangu. Alisema anakwenda nyuma kutuliza watoto. Watoto walikuwa wametulia.

Kule nyuma kuna Kagaruki, jirani yetu tunayepakana naye. Yeye husimama mlangoni kila Jumapili, miaka yote niliyomjua, mkono kiunoni, kama mwenye kanisa. Wengine wanasema ni kiburi. Wengine wanasema anataka awe wa kwanza kutoka ili aone nani ameondoka na nani. Mimi niko na hawa wa pili. Kagaruki anajua mbuzi wa kila mtu amezaa lini, na wakati mwingine anajua kabla ya mbuzi.

Leo walisimama wawili, mmoja kila upande wa mlango.

Alhamisi, 12 Juni

Amekwenda Bukoba kununua turubai la kuanikia kahawa. Amerudi bila turubai. Amerudi na mapapai mawili na harufu ya dawa ya kusafishia, safi mno kwa mtu aliyeshinda madukani.

Jioni nilimpa lubisi, pombe yetu ya ndizi, akaikataa. Na pilipili akaikataa. Akala papai lote peke yake, kwa bidii, kama mtu anayetimiza adhabu. Mwanaume akibadili chakula, akibadili kufua na akibadili siku zake za kwenda mjini, mke hahitaji kwenda kwa mganga kuuliza.

Jumamosi, 14 Juni

Simu yake imelia tukiwa tunaanika. Akaenda nayo nyuma ya jiko. Nami nikakumbuka kwamba kuni zangu ziko nyuma ya jiko.

Nilimsikia hivi: "Ndiyo, Dativa. Alhamisi nitafika. Nafanya vile vile ulivyoniambia, kila jioni, na maji ya vuguvugu."

Maji ya vuguvugu. Nimeolewa na mtu huyu nikiwa sijatimiza miaka ishirini na hajawahi kunitajia maji ya vuguvugu.

Jumapili, 15 Juni

Mvua imetunyeshea kahawa. Dativa.

Jumanne, 17 Juni

Amehamia chumba cha watoto, ambao sasa wako na nyumba zao. Anasema anakoroma na hataki kunisumbua. Amekoroma tangu tuoane, leo ndiyo amejisikia.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemfuata. Sijivunii wala sijutii.

Aliondoka na gari la alfajiri, nikapanda lililofuata, nimejitanda kitenge cha kuazima ambacho hajawahi kukiona. Bukoba ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani hadi sokoni, watu wanaonekana nusu nusu. Kumpata hakukuwa kazi, maana siku hizi anatembea kama mtu aliyeficha yai katikati ya mapaja. Akapita soko, akapita maduka, akaingia geti la hospitali. Nikajiambia, kumbe Dativa ni nesi. Halafu nikajiambia jambo baya zaidi, kwamba Dativa ni mjamzito na wameletana kliniki.

Nikajibanza nyuma ya nguzo. Kwenye lile benchi alilokuwa anangojea, wanaume wote walikuwa wamekaa upande upande, wengine wamesimama kabisa na benchi likiwa na nafasi. Hapo ningeelewa. Lakini mwenye wivu hatazami makalio ya watu, anatazama sura.

Mlango ukafunguka, akatoka mama mmoja mnene, mkubwa kuliko mimi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, pembeni ya kamba kuna kibandiko cha jina: Dativa. Akaita, "Avit Rutaihwa." Nikatoka nyuma ya nguzo nikasema mke wake pia yupo na anaingia naye.

Ta Avit aligeuka na sura ya mtu aliyefumaniwa. Kwa dakika moja nilifurahi sana.

Ndani tulimkuta Daktari Lameki, kijana wa taratibu. Kabla ya kusema lolote alimuuliza mume wangu kama anaridhia niambiwe. Ta Avit akatazama sakafu, kisha akatikisa kichwa kukubali. Daktari akasema: bawasiri. Mishipa ya njia ya haja kubwa imevimba ikawa vinyama, vinyama vikawa vinatoka nje. Zamani vilikuwa vinarudi vyenyewe, baadaye akawa anavirudisha kwa kidole, sasa havirudi kabisa, na kila akienda chooni vinavuja damu. Ndiyo maana ya shuka. Ndiyo maana siku hizi akipanda kilima anahema kama mzee. Damu yake imeshuka, wamempa dawa za kuiongeza, na papai na maji ya vuguvugu ni maagizo ya Dativa, ambayo yametuliza kidogo lakini hayatoshi. Tarehe nane Julai avikatwe. Akiviacha, damu itaendelea kushuka, na siku moja moyo utashindwa kuendesha hiyo iliyobaki.

Niliuliza kama hakuna ugonjwa mwingine umejificha nyuma ya huo. Daktari akasema amekwisha kuangalia ndani kwa kifaa, hakuna. Nikauliza tena. Mtu anayekutuliza haraka ni wa kuulizwa mara mbili.

Nje nilimwambia mume wangu kwamba ningependelea mwanamke. Mwanamke ningejua pa kumpata.

Hakucheka. Alisimama pale kwenye ukungu, akasema polepole, "Gaudiosa, mtu mmoja akijua kule nyumbani, siendi kukatwa. Mwenyekiti wa jumuiya, niimbiwe na watoto njiani? Afadhali nife na vinyama vyangu."

Ninamjua. Anaweza.

Tuliposhuka nyumbani Kamachumu, nani yuko kituoni ameegemea pikapu yake ya kubebea kahawa? Kagaruki. Akatuuliza tumetoka wapi wawili wawili kama maharusi. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akasema Maruku. Kituo cha utafiti. Wamemwita mwezi ujao kwenye mafunzo ya miche mipya ya kahawa.

Kagaruki akamtazama kuanzia kichwani kushuka chini, macho yakasimama katikati kidogo, yakaendelea.

"Maruku," akasema. "Na mama naye?"

"Na mama naye," nikasema mimi. Basi na mimi nimo.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani wanawake wanne wameniagiza miche. Kagaruki hajalaza habari.

Jumapili, 29 Juni

Kagaruki amekuja na kutafuna punje za kahawa ukumbini kwetu, amesimama, akiuliza maswali. Huko Maruku wanalaza watu? Siku ngapi? Mtu anarudi na nguvu zake za kazi au anarudi amechoka? Nikamwambia inategemea mwanafunzi. Akaguna.

Mtu anayeuliza mafunzo yanachosha vipi, haulizi habari za kahawa. Ameshanusa. Anatafuta uzi avute nguo yote. Sijamwambia Ta Avit.

Jumatatu, 7 Julai

Tumelazwa, maana na mimi nimelazwa, kwenye mkeka chini ya kitanda chake.

Kuna karatasi ya kukubali upasuaji. Nimeisoma yote kwa sauti. Nikafika penye mstari unaosema daktari atafanya "na jambo lingine lolote litakaloonekana lazima", nikamuuliza Dativa lolote ni lipi. Akacheka hadi miwani ikaruka kifuani. Akasema wagonjwa wangekuwa wanasoma kama mimi, madaktari wangepasua watu wawili tu kwa mwezi. Lakini alinieleza: kama wakikuta kinachovuja, wakizuie bila kuja kwanza kuniamsha. Ta Avit akatia sahihi.

Jioni chakula chepesi, kisha basi. Baadaye dawa ya kusafisha tumbo, inayoingizwa kwa njia ile ile inayougua. Tangu hapo mwenyekiti amegeukia ukutani.

Jumanne, 8 Julai

Wamemkata.

Anasema walimkalisha ameinama kama anayefunga kamba za viatu, wakamchoma sindano mgongoni, miguu ikapata moto, halafu ikapotea. Macho yake yalikuwa wazi muda wote. Maumivu hakuyasikia, alisikia kama watu wanavutavuta nguo aliyoivaa. Kilichomuudhi ni daktari kupiga mluzi wa wimbo wa kanisa na kuukosea.

Haikufika urefu wa Misa ya siku ya kawaida. Kwa upesi ule nikahisi hawakufanya kitu, wamemlaza tu. Nikamwambia Dativa anionyeshe. Akaniletea kibakuli chenye vipande vitatu, vyeusi vyeusi, kama maini ya kuku. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikimfulisha mume wangu nguo alfajiri.

Mchana alinishika mkono, akaninong'oneza nimwambie ukweli, miguu ile iliyoko kitandani ni ya kwake? Nikaifinya. Hakusikia. Tukangoja. Jioni miguu ikarudi, lakini mkojo ukagoma. Dativa akasema sindano ya mgongo huulaza, wengi hupatwa, na ukikataa kabisa watatoa kwa mpira. Akafungua bomba la maji kwenye beseni la kunawia, akaliacha litiririke, akatoka. Kwa kusikia neno mpira au kwa kusikia maji, sijui, mkojo ukaja.

Jumatano, 9 Julai

Ganzi imeisha. Sasa anaamini kwamba alikatwa.

Dativa amenikalisha, mimi niliye mzima, akaniambia. Asingojee maumivu yapande ndipo ameze dawa, ameze kwa saa zake. Maji anywe mengi. Dawa ya kulainisha choo isikosekane. Akae kwenye maji ya vuguvugu asubuhi, jioni na kila atokapo chooni. Kidonda kimeachwa wazi makusudi, kitatoa majimaji na damu kidogo, asishtuke. Asibebe kitu chochote kizito. Na kati ya wiki ya kwanza na ya pili kidonda huweza kufunguka na kutoa damu ghafla. Ikiwa ya matone alale, ikiwa ya kumwagika tuje mbio. Nimeandika yote pembeni ya gazeti.

Kisha akasema choo cha kwanza kitauma na asikikimbie. Akasema hilo akimtazama yeye, si mimi.

Alhamisi, 10 Julai

Tumeruhusiwa. Nilimwacha kwenye teksi, amelala ubavu kiti cha nyuma, nikaingia kwenye duka la Mulji, ambamo siku hizi hukaa mkwewe, Mama Nurjehan. Nikaomba beseni. Akauliza la mtoto au la mtu mzima. Nikasema la kufulia.

Akarudisha lile alilokuwa amelishika, akashusha lingine, pana, ukingo wake wa mviringo. "Hili halikati mapaja," akasema, huku anahangaika na vitu vyake kama hajasema kitu. "Chumvi kijiko kimoja, mama, si zaidi."

Nikaomba na pedi. Akanitazama mvi zangu, akafunga pakiti mbili kwenye gazeti.

Sikumwambia lolote. Nimeanza kushuku kwamba nusu ya Bukoba imekaa ndani ya mabeseni na hakuna anayesema.

Jumamosi, 12 Julai

Nimegundua kwa nini sahani zake zinarudi safi. Ndizi zangu anakula mbwa.

Nilimfumania dirishani. Akakiri kwamba asipokula, hakutakuwa na cha kutoka. Mtu mzima, amesoma hadi darasa la saba. Nikamwambia ataishi hivyo hadi lini, hadi senene waje? Na kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyokuwa kigumu. Nikakaa mbele yake akala maharage na papai, nikamnywesha dawa na maji mpaka akaniita askari magereza.

Baada ya saa chache siku ikamfikia.

Nilikaa nje ya choo, kwenye kigoda cha baba yake, nilichokichukua bila kuomba. Alianza na litania. Akawaita watakatifu kwa majina, na wengine sidhani kama wapo. Halafu sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku tuliyomzika mama yake. Akatoka ameshika ukuta, anasema ni chupa, Gaudiosa, ni vipande vya chupa. Damu ilikuwepo, kidogo, kama tulivyoambiwa.

Nikamwekea maji. Alipokaa kwenye beseni maumivu yakaanza kumwacha, nikaona mabega yanashuka. Akalia kidogo. Mimi nikaitazama migomba, ambayo ilihitaji kutazamwa.

"Ungeniambia zamani," nikasema.

"Ungecheka."

"Ningecheka. Halafu ningekuletea maji."

Jumapili, 13 Julai

Baada ya Misa watu wa jumuiya wamekuja kusikia ya Maruku. Niliwaambia wangoje mwalimu apumzike, wakasema watangojea hapa hapa.

Akatoka na kanzu nyeupe, maana suruali haivaliki. Wakauliza harusi ya nani. Akawafundisha amesimama, mkono ukutani. Kwa bahati kahawa anaijua, akawaeleza kupogoa na kuweka matandazo, mambo waliyoyajua tangu utoto, lakini kwa kuwa yametoka Maruku wakayapokea. Mmoja akamsihi akae. Akajibu kwamba huko wamefundishwa kuwa mkulima anayekaa ndiye anayeleta ugonjwa shambani.

Wakatikisa vichwa kukubali. Kagaruki hakutikisa. Yeye pia alikuwa amesimama, kwenye mlango, na alikuwa anaitazama kanzu.

Jumanne, 15 Julai

Kagaruki amepita uani bila kubisha. Beseni lilikuwa juani. Akaligusa ukingo, akauliza ni la nini. La kuoshea miche, nikasema.

"Miche iko wapi?"

"Inakuja."

Akaondoka polepole. Kwenye jumuiya ya Jumamosi ya wiki ijayo kuna kipengele cha mambo mengineyo. Nampigia hesabu.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika hospitalini.

Adhuhuri mvua ilikuja kutoka ziwani bila ngurumo wala upepo wa kuionya, na kahawa yote ya mavuno ya kwanza iko nje. Nikakimbilia turubai upande mmoja, nikapiga kelele asitoke. Akatoka. Tangu lini mwanaume wa Kihaya akaona kahawa inanyeshewa akakaa ndani? Akakamata gunia lililokwisha jaa, akalibeba kifuani hadi ukumbini, akarudi kuchukua la pili.

Nikaona kanzu. Kwa nyuma ilikuwa na doa kama ua, halafu si ua tena. Damu ikashuka hadi visigino ikachanganyika na maji ya mvua. Yeye mwenyewe hakujua, aliniuliza kwa nini namwangalia vile. Kisha akaanguka.

Nikapiga simu kwa Dativa. Akauliza ni matone au inamwagika. Nikasema inamwagika. Akasema nimlaze, nikandamize kwa kitambaa safi, tuje sasa hivi, asisimame tena. Nikageuka kutafuta gari, na Kagaruki alikuwa tayari yuko uani mwangu, amelowa, anakusanya kahawa yangu kwa koleo.

Ameona. Ameona kanzu, ameona mahali ilipolowa, ameona nilipokandamiza.

Hakuuliza kitu. Akaleta pikapu hadi mlangoni, akatandika magunia matupu nyuma, tukamlaza, nikakaa naye chini ya turubai. Njia yote hadi Bukoba Kagaruki aliendesha kwa kukwepa kila shimo, kama mtu anayejua shimo linauma wapi.

Daktari amepiga uzi pale palipofunguka. Damu imesimama. Wamemwekea dripu. Nilimwuliza Dativa kwa ukali kwa nini hawakutuonya. Akaomba lile gazeti langu, akanisomea mwandiko wangu mwenyewe.

Jumapili, 20 Julai

Tumerudi nyumbani. Yuko dhaifu lakini anakula, na mbwa anakonda. Kahawa tumeikuta imefunikwa vizuri ukumbini kwa Kagaruki. Hajaitisha shukrani. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 23 Julai

Jua. Choo hakina watakatifu tena, ni kuguna tu.

Jumamosi, 26 Julai

Jumuiya ilikuwa nyumbani kwa Kagaruki. Ta Avit alitaka kubaki, nikamwambia asiyekuwepo ndiye hujadiliwa. Tukaenda, akasimama.

Yakafika mambo mengineyo. Kagaruki akanyanyua mkono. Nikaona mume wangu anafumba macho.

Kagaruki akasema mwenyekiti ametufundisha mengi na amechoka. Anapendekeza wanaume wa jumuiya wabebe magunia yake msimu huu, yeye asishike hata debe. Wakakubali wote. Wakapiga makofi.

Nikazidi kuogopa. Wema ule niliuona kama butura: mtu ananunua kahawa yako ingali maua, na siku ya kuvuna ndiyo unajua uliuza nini. Basi tulipomaliza sala, Ta Avit ametangulia, Kagaruki akanisindikiza hadi mpakani, akasema ana neno. Nikamwambia ataje bei yake.

"Bei gani?"

"Ya kunyamaza, Ta Kagaruki."

Akanitazama kama nimemtemea mate. Kisha akatazama nyuma, akaegemea mgomba, mkono kiunoni.

"Ile mara ya kwanza," akasema kwa sauti ndogo. "Chooni. Ni kama wanavyosema?"

Nikauona mlango wa kanisa, Jumapili zote zile, na mtu amesimama hapo na sisi tunahesabu kiburi chake.

Nikamwambia ukweli. Kwamba ni vipande vya chupa, na kwamba vipande hivyo vina mwisho. Sindano ya mgongo ni ndogo kuliko hofu yake. Siku za mwanzo ataona walimdanganya, wiki ya pili atachoka na pedi, wiki ya tatu ataanza kusahau, na kupona kabisa atangoje zaidi ya mwezi. Ale. Akae kwenye maji. Na asiokoe kahawa ya mtu, hata ikinyeshewa yote. Alisikiliza mdomo wazi, mtu ambaye sijawahi kumwona akisikiliza. Akauliza kama nesi yule ana maneno mengi. Nikasema anayo, lakini yanabaki mle ndani.

"Waitu, tafadhali, Georgina asijue," akasema. Georgina ni mkewe. "Akijua, siendi."

Nikamwambia hayo nimeyasikia mahali, nikamwapia kwamba sitasema.

Jumapili, 27 Julai

Nimemwambia Ta Avit, kwa sababu alinishuku usiku kucha kwamba nimetoa siri yake. Alipoelewa alicheka mpaka akajishika nyuma. Halafu akavuta kigoda cha baba yake, akatia kanga iliyokunjwa, akakaa. Kwa muda wa kutafuna punje mbili za kahawa. Lakini amekaa.

Jumamosi, 2 Agosti

Kagaruki amekuja tena kwenye migomba kuuliza. Leo ilikuwa pedi. Anaanza na mvua, anapitia kahawa, anafika.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi Georgina amesimama uani kwangu. Hakusalimu. Nilimkaribisha ndani, akasema hapo alipo panatosha.

"Ma Gaudiosa, mume wangu anafua nguo zake mwenyewe."

Nikaweka ndoo chini.

"Hanywi lubisi. Amehama chumba. Alhamisi anasema anaitwa Maruku. Na kila nikimtafuta namkuta ametoka kwenye migomba yako." Akafunga kanga yake upya, akaikaza. "Nimekuja kukuuliza kwa heshima, kabla sijauliza bila heshima."

Nimewashuku watu msimu mzima. Sikuwahi kufikiri zamu yangu itafika. Na nimemwapia mumewe. Neno moja langu, na Kagaruki atabaki mlangoni mwa kanisa hadi tumzike.

Nikamwambia Alhamisi amwache aondoke na gari la alfajiri, yeye apande linalofuata. Asimwite njiani. Akifika, atazame watu wamekaaje kwenye mabenchi, si sura zao. Akauliza huko atamkuta nani. Nikasema mwanamke anaitwa Dativa. Uso wake ukawa kama wangu wa Juni.

Nikaingia ndani nikatoa beseni, nikalifuta, nikampa.

"La nini?"

"Halikati mapaja," nikasema.

Ameondoka nalo kwapani, hakuniaga. Ningekuwa yeye, nami nisingeaga.